UZI: Kufundisha watoto wa miaka 4 hadi 7 nyumbani msimu wa Krismasi: kipi kibaki, kipi kipumzike

#1 Chaki_na_Ubao

Wakuu, salaam. Desemba ikiingia, wazazi wanaofundisha watoto wao nyumbani hugawanyika makundi mawili. Wapo wanaofunga madaftari tarehe 1 na kuyafungua baada ya Mapinduzi, Januari 12. Wapo wanaong'ang'ania ratiba ya Septemba huku sebule imejaa wageni na jikoni pilau inapakuliwa. Yote mawili yanamuumiza mtoto anayeanza kusoma. Msimamo wangu: kusoma, kuandika na kuhesabu vibaki karibu kila siku, ila kwa muda mfupi sana, na masomo mengine yote yahamie ndani ya kazi za sikukuu.

Sababu ni hii. Mtoto wa miaka 5 au 6 aliyefikia silabi bado anatumia nguvu kuunganisha: anaona k, anaona a, anatamka ka. Akikaa wiki nne bila kugusa maandishi, herufi hatazisahau, ila kasi itapotea. Januari utamkuta anataja herufi moja moja na akifika mwisho wa neno amesahau mwanzo wake. Kwenye hesabu, kuhesabu kwa mdomo hakupotei. Kinachopotea ni kuandika tarakimu: 2, 5, 6 na 9 zinaanza kugeuka. Mtaala wa Tanzania ulioanza 2015 uliyajenga madarasa ya I na II juu ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), kwa hiyo ukizibakiza hizo tatu msingi wote uko salama.

Muda: dakika 15 kusoma, 10 hesabu, 5 kuandika. Nusu saa basi, asubuhi, baada tu ya chai na kabla nyumba haijachangamka. Jioni usijaribu, mtoto aliyecheza na binamu zake kutwa hana akili ya silabi. Wa miaka 4 apewe dakika 10 kwa jumla, bila penseli. Tarehe 24, 25, 26 na Januari 1 pasiwe na daftari kabisa. Kurudi kuwe kwa ngazi: wiki ya kwanza ya Januari dakika 45, ya pili saa moja na nusu, ndipo ratiba kamili.

Sasa maneno ya kusoma, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo penye utamu. Kila mtu humpa mtoto neno "Krismasi", na ndilo gumu kuliko yote kwa anayeanza. K na r zimeshikana, halafu kuna s isiyo na irabu kabla ya ma. Mtoto aliyezoea ka ke ki ko ku ataandika "Kirisimasi", na hapo amefuata kanuni uliyomfundisha mwenyewe. Mpe "Noeli" kwanza: no-e-li.

Ngazi ya kwanza ni silabi nyepesi: kadi, keki, taa, hori, zawadi, sukari, pilau, malaika. Ya pili ni maneno yenye m inayosimama peke yake: mti, mtoto, mkate, mshumaa. Hapa wengi huandika "muti". Mpigishe makofi: m, kofi, ti, kofi. Makofi mawili, silabi mbili, ila ya kwanza haina irabu. Ya tatu ni konsonanti zilizoungana: nyota, ndizi, nguo, kondoo, ngamia, mwanga. Krismasi na Betlehemu ziende mwisho kabisa, azitambue kwa sura nzima kama anavyotambua jina lake.

Kadi za maneno: A4 moja ikunjwe mara tatu, upate vipande 8. Andika kwa kalamu nene, herufi ndogo zenye urefu wa sm 3 hivi. Usiandike neno zima kwa herufi kubwa, kwa sababu vitabu atakavyosoma havijaandikwa hivyo. Kadi 3 mpya kwa siku, pamoja na 5 za siku zilizopita. Ukizidisha hapo anaanza kubahatisha kwa kuangalia herufi ya kwanza tu, na "keki" inageuka "kadi".

#2 mkoko_wa_mtoni

Asante kwa uzi, mwalimu. Nakubaliana nawe kwa wa miaka 6 na 7. Kwa wa miaka 4 napinga hata hizo dakika 10. Umri huo Desemba aachwe kabisa na kadi. Kuna kazi ya masikio ambayo ni msingi wa kusoma na haihitaji karatasi: "Nitajie vitu vya jikoni vinavyoanza na sauti ya sss." Sufuria, sahani, sukari, sinia. Halafu mmm: mwiko, mkaa, mchele, muhogo. Mtoto asiyesikia kwamba mchele na mkaa vinaanza sauti moja, ukimwonyesha herufi m ataiona kama mchoro tu.

Jambo moja la kuangalia: tamka sauti, usitaje jina la herufi. Ukisema "em" au "esi", ukifika kwenye kuunganisha mtoto atasoma "em-a" badala ya "ma".

#3 Chaki_na_Ubao

@mkoko_wa_mtoni hoja nzuri, naipokea. Kwa wa miaka 4, mchezo wa sauti uchukue nafasi ya kadi.

#4 Bi_Karafuu

Mimi niongeze kalenda ya Majilio ya viberiti, ya kuhesabu siku za kuelekea Krismasi. Unahitaji maganda 24 ya viberiti, njiti zikiwa zimetolewa zote na kuhifadhiwa mbali na watoto. Anza kukusanya Oktoba. Waombe na majirani, maana nyumba moja haimalizi viberiti 24 kwa mwezi. Yapange safu 6 za maganda 4, uyabandike kwenye kipande cha boksi. Mpangilio huo wenyewe ni somo la miaka 7: 4, 8, 12, 16, 20, 24.

Ndani usiweke peremende. Weka kikaratasi chenye kazi ya siku: "Leta majani 5 yasiyofanana." "Hesabu vijiko vya jikoni." "Mwimbie babu." Maneno yawe ya ngazi ya mtoto, asome mwenyewe. Pipi ikiwekwa humo, kufikia siku ya tatu maganda yote yameshafunguliwa.

Juu ya kila ganda andika tarehe, kisha muulize zimebaki siku ngapi. Makosa ya kawaida ni mtoto kuihesabu na leo, akapata moja zaidi. Mwambie ahesabu usiku wa kulala: kutoka tarehe 1 hadi 25 tutalala mara 24. Tarehe 20 tutalala mara 5. Kwa mtoto, usiku una mwanzo na mwisho anaouona, ndiyo maana hesabu inamkubali.

Gundi: vijiko 3 vya chakula vya unga wa ngano, koroga na robo kikombe cha maji ya baridi hadi madonge yaishe, ndipo umimine ml 200 za maji yanayochemka na ukoroge motoni dakika 3 hadi ing'ae. Ukianza na maji ya moto unga unaiva nje ukiwa mkavu ndani, na madonge hayo hayaondoki tena. Kwa joto la pwani inachacha baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo tengeneza kidogo. Ipakwe nyembamba, ikiwa nzito karatasi inakunjamana na mende wanaifuata.

#5 Kibaba_na_Pishi

Niingie na keki, maana ndilo somo bora la vipimo Desemba nzima.

Kwanza kikombe. Vikombe vya nyumbani vinatofautiana, kingine ml 200, kingine 300. Mpe mtoto chupa ya maji ya nusu lita, ajaze vikombe. Chupa ikiisha kwa vikombe viwili kamili, hicho ni cha ml 250, kiwekeeni alama na ndicho kitumike mwanzo hadi mwisho. Kubadilisha kikombe katikati ya mapishi ndiko kunakofanya keki ileile leo iwe laini, kesho iwe jiwe.

Keki ya chombo cha duara cha sm 20: unga wa ngano vikombe 2 (g 250), sukari robo tatu ya kikombe (g 150), siagi g 125, mayai 3, maziwa ml 100, bekingi pauda vijiko 2 vya chai. Siyo hamira! Mfuko wa hamira na wa bekingi pauda mtoto avisome mwenyewe kabla ya kufungua, hilo ni zoezi la kusoma lenye maana.

Mtoto wa miaka 4 anapepeta unga na kuhesabu vijiko. Wa miaka 5 au 6 anasawazisha kikombe kwa mgongo wa kisu butu. Mwonyeshe tofauti ya kikombe cha kilima na cha kusawazishwa, maana kile cha kilima kinaweza kuongeza unga hadi keki ikapasuka juu. Wa miaka 7 mwambie mnapika nusu: unga kikombe 1, siagi g 62 au 63, maziwa ml 50. Na mayai? Nusu ya 3 ni moja na nusu. Acha afikiri. Jibu ni kupiga yai moja kwenye kikombe na kumimina nusu yake.

Kuoka kwa mkaa: sufuria kubwa, mchanga mkavu wa sm 2 hadi 3 chini, ipashwe moto dakika 10 ikiwa imefunikwa. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, kama theluthi moja kwa theluthi mbili. Keki dakika 40 hadi 50. Usifunue kabla ya dakika 25. Katikati bado ni uji, hewa baridi ikiingia inazama na hainyanyuki tena. Ikiungua chini na juu mbichi, makaa ya chini yalikuwa mengi.

Watoto wakae hatua mbili kubwa kutoka jikoni, wapewe kazi ya kutazama saa. Na jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa hata mvua ikinyesha. Hewa yake ya sumu haina harufu.

#6 Tanuri

Mkuu, nyongeza ndogo: mchanga wa ufukweni usitumike bila kuoshwa. Chumvi yake inakula sufuria ya alumini.

#7 fundi_wa_karatasi

Mapambo ya unga na chumvi yanapendwa sana ila hapa kwetu yanaharibika. Kipimo ni unga wa ngano vikombe 2, chumvi laini kikombe 1, maji robo tatu ya kikombe, uongeze kidogo kidogo hadi donge lisishike mkononi. Kanda dakika 8 hadi 10. Sukuma unene wa mm 5, kata nyota kwa kisu butu au miduara kwa mdomo wa bilauri, toboa tundu kwa mrija kabla haijakauka. Ukitoboa baadaye inapasuka.

Tatizo la kwanza ni kujikunja. Upande wa juu unakauka mapema na kusinyaa, wa chini bado una maji. Geuza kila saa moja. La pili ni hali ya hewa: Desemba pwani kuna unyevu, na chumvi inavuta maji kutoka hewani. Nyota iliyokuwa ngumu mchana inakuwa laini usiku. Kuianika juani peke yake haitoshi. Ioke kwa moto mdogo sana kama saa 2, kwenye sufuria ileile ya mchanga, makaa machache mno, kisha ipakwe rangi na vanishi pande zote mbili pamoja na ndani ya tundu. Kama vanishi hakuna, tengenezeni nyota za boksi. Mtoto asione kazi yake inadondoka vipande kutoka kwenye mvinje siku ya mkesha.

Na unga huo una chumvi nyingi, hauliwi. Mnaoishi na watoto wa chini ya miaka 3 au mbwa, uwekeni juu.

#8 Ngurumo

Sayansi ya Desemba iko nje ya nyumba na ni bure. Simika fimbo iliyonyooka, mita 1 juu ya ardhi, wima kabisa (jaribu kwa uzi wenye jiwe). Kwa Dar, kati ya tarehe 18 na 25, kivuli kinakuwa kifupi kuliko vyote kama saa 6 na dakika 20 mchana. Pima: kitakuwa sm 30 hivi, na kitaelekea kaskazini, kwa sababu jua wakati huo liko kusini yetu, limefika mwisho wa safari yake ya kusini kwenye Tropiki ya Kaprikoni. Moshi ni sm 37 hivi. Wekeni alama kwa jiwe na mrudie Juni. Kivuli kitaelekea kusini.

Wengi wanapima saa 6 kamili na kushangaa kivuli hakijafika ufupi wake. Saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45, na Dar iko karibu nyuzi 39, ndiyo maana adhuhuri ya jua inachelewa. Kwa mtoto wa miaka 5 usieleze hayo. Mpe mawe matano, aweke moja kila baada ya dakika 10 kuanzia saa 6, aone mwenyewe lipi liko karibu zaidi na fimbo.

Mvua ya vuli pia ipimwe. Chupa ya lita 1.5 yenye kuta zilizonyooka, kata sehemu ya juu, igeuze iwe faneli. Kitako cha chupa kina mabonde, kwa hiyo jaza kokoto na maji hadi pale panapokuwa sawa, chora mstari wa sifuri, bandika rula ya karatasi yenye milimita. Iwekwe mbali na bati na miti, isomwe kila siku saa 3 asubuhi, kisha maji yamwagwe hadi kwenye sifuri. Jua kali hupunguza maji ya sifuri. Kila asubuhi yarudishwe kwenye mstari, la sivyo mvua ndogo haitaonekana.

#9 Mswahili_wa_London

@Ngurumo hili la kivuli linafaa sana kwa sisi tulio ughaibuni na watoto wana bibi Dar. Huku London, tarehe 21 Desemba, fimbo ya mita 1 inatoa kivuli cha mita 3.7 karibu saa 6 kamili mchana, jua likikubali kutoka. Urefu wa mchana wetu ni saa 7 na dakika 50 hivi, wa Dar ni saa 12 na nusu. Mtoto akate kamba mbili, ya sm 30 na ya mita 3.7, azilaze sakafuni, kisha ampigie bibi simu wakati wa huko ambapo bado kuna mwanga. Tofauti ya saa ni 3 majira haya, hivyo saa 6 mchana London ni saa 9 alasiri Dar. Kupima pande zote mbili kwa wakati mmoja wa simu hakuwezekani, bibi apime kwanza na aandike.

#10 Bustani_ya_Same

Wanaosafiri kwenda Kilimanjaro wasibebe daftari kwenye basi. Kusoma gari likitembea kunaleta kichefuchefu, maana jicho linaona ukurasa uliotulia na sikio la ndani linahisi mwendo. Kazi za basi ziwe za kutazama mbali na za mdomo.

Usiku wa kuamkia safari andikeni kadi za vituo kwa mpangilio: Kibaha, Chalinze, Lugoba, Msata, Mkata, Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, Same, Mwanga, Himo, Moshi. Zisomwe nyumbani. Njiani mtoto anashika rundo, na kila kibao cha mji kikipita anahamishia kadi nyuma. Kadi 13: "Tumepita 5, zimebaki ngapi?" Baada ya Korogwe atazame milima upande wa kulia, Usambara kwanza kisha Upare, na mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari. Namba za magari ziko T, tarakimu tatu, herufi tatu. Wa miaka 6 ajumlishe tarakimu, wa miaka 7 aseme ipi kubwa kati ya namba mbili.

Somo moja tu kwa siku ya safari. Anayelala aachwe alale.

#11 mama_wa_chekechea

Naomba msaada wakuu. Mtoto ana miaka 6, anajumlisha hadi 20 vizuri. Nikimpeleka dukani kununua vitu vya sikukuu bei ni maelfu, anachanganyikiwa. Nifanyeje?

#12 Kibaba_na_Pishi

Dada, usimpe 4,500 kutoa kwenye 10,000. Hiyo si hesabu ya miaka 6. Elfu moja igeuzwe kuwa kitu kimoja. Noti ya 1,000 ni "moja", ya 2,000 ni "mbili", ya 5,000 ni "tano", ya 10,000 ni "kumi". Chagua vitu vyenye bei ya elfu kamili tu. Mchele wa elfu 3 na sukari ya elfu 3, jumla elfu ngapi? Umetoa kumi, chenji elfu ngapi? Hapo anatumia hesabu anayoijua tayari. Sarafu za 50, 100, 200 na 500 ziwe zoezi tofauti nyumbani: mpe rundo, atafute njia zote za kupata 500 kwa kutumia za 100 na 200. Ziko tatu.

Duka liwe la mtaani na muda usiwe tarehe 23 au 24. Muuzaji ana foleni, mtoto anahitaji dakika mbili za kufikiri, na watu nyuma yake watamjibia.

#13 mkoko_wa_mtoni

Kuhusu wageni: binamu wakifika, usimtenge wako mezani peke yake na kitabu. Ataona kusoma ni adhabu. Wote waitwe dakika 20. Wa miaka 7 na 8 awasomee wadogo kurasa 2 kwa sauti, wa miaka 5 na 6 wacheze kadi za Chaki_na_Ubao za kulinganisha jozi (jozi 6 zinatosha), wa miaka 4 agawe sahani: watu 9, sahani 9, vijiko 9. Kugawa kimoja kwa kimoja ndiyo hesabu ya umri wake.

Na usingizi ulindwe. Wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku pamoja na wa mchana, wa miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12. Aliyelala saa 6 usiku baada ya ibada ya mkesha asiamshwe kwa ajili ya silabi.

#14 Bi_Karafuu

Swali kwa @Bustani_ya_Same: tunataka watoto waoteshe majani ya kupamba pango la Noeli la nyumbani, yasimame vizuri siku ya mkesha. Mtama au ulezi? Na upandwe lini?

#15 Bustani_ya_Same

Mtama, bibie. Mbegu za ulezi ni ndogo mno kwa vidole vya mtoto, zinamwagika zote mahali pamoja na kuoza. Loweka mtama usiku mmoja, nunua wa chakula ambao haujakobolewa, uliokobolewa hauoti. Sahani bapa, pamba au kitambaa chenye maji, mbegu zitandazwe tabaka moja zisipandane. Funika kwa gazeti siku mbili za mwanzo, kisha weka kwenye mwanga. Maji ya kunyunyiza asubuhi na jioni. Yakituama chini ya pamba, mwagani, la sivyo ukungu mweupe utaingia.

Pwani panda tarehe 14. Moshi na sehemu za baridi ya milimani panda 11 au 12. Mtoto apime jani refu kuliko yote kila asubuhi kwa rula na aandike namba tu, bila sentensi. Likipita sm 12 majani yanaanza kulala, yakateni kwa mkasi yabaki sm 8.